Wasifu wa Shemeji Gennadi

Jumatatu, 12 Januari 2026

Shemeji Gennadi karudishwa hospitali. Moyo tena. Niko kazini Saint Paul, mwenyekiti wa jumuiya yetu, Kaka Geofrey, ananipigia: Dada Eliakunda, anza kuandaa wasifu wake taratibu, tusije tukakurupuka. Khaa! Mtu bado anakunywa uji! Nikamkatia simu.

Lakini ana hoja. Msiba uliopita wasifu uliandikwa kwenye maegesho ya kanisa, majina ya watoto wawili yakasahaulika. Aibu ile bado tunayo. Na katibu ni mimi.

Sasa najua nini? Mrusi. Aliichezea Sovieti, kurusha nyundo — nyundo yenyewe ni tufe la chuma kwenye waya, unazunguka nalo kisha unaliachia. Bingwa wa dunia. Kanisa zima linamwita Bingwa. Akaja Minnesota, akaendesha basi la shule, akamwoa dada yangu Elinaja. Mwisho. Wasifu gani huo!

Jumatano, 14 Januari

Nimeharibu. Nilimuuliza Elinaja kijanja kwenye simu: hivi shemeji ubingwa aliupata mwaka gani? Akanirukia: unaandika wasifu? Wa mtu aliye hai? "Unamchuria mume wangu, unamwitia kifo!" Nikajieleza, wapi! Kakata. Kaniondoa na kwenye grupu la familia. Mimi, mdogo wake wa damu!

Jumamosi, 17 Januari

Nimeenda hospitali Elinaja akiwa shifti. Baridi ya kukata masikio. Shemeji kakonda, mikono tu ndiyo imebaki mikubwa. Anacheka — nasikia unaniandika, shemeji. Kiswahili chake kile kile cha kujifunzia jikoni kwa dada.

Nikamuuliza ubingwa, mwaka gani, mji gani.

Hakuna.

Hakuna nini?

Hakuna ubingwa! Alikuwa mrushaji wa akiba. Miaka sita kasafiri na timu ya taifa, suti ya timu mwilini, na kwenye mashindano hakurusha hata mara moja. Wenzake hawakuumia hata mmoja apate nafasi, anasema, na bado inamuuma. Ubingwa kaupeleka Elinaja kanisani, yeye akaona haya kumkanusha mkewe mbele za watu. Kachoka kuitwa Bingwa kila Jumapili. "Andika akiba."

Nimekasirika mpaka nimepitiliza njia ya kutokea kwenye haiwei. Miaka yote hiyo namtambulisha kwa watu!

Jumapili, 18 Januari

Kanisani: Bingwa anaendeleaje? Bingwa anaendeleaje? Nikajibu anaendelea. Nikaondoka bila chai.

Jumanne, 20 Januari

Elinaja kapiga mwenyewe. Salamu hakuna. Umefika wapi?

Nikajifanya sielewi.

Wasifu, Eliakunda. Daktari kaongea nami asubuhi: siku zimebaki chache.

Akataka nimsomee. Nikasoma kuzaliwa, shule, ndoa. Kwenye nyundo nikakwama. Nikamwambia ukweli: mwenyewe anataka niandike akiba.

Andika bingwa, kasema. Nani atakwenda Moscow kuuliza?

Dada, kaniomba kwa mdomo wake.

"Najua! Nilijua kabla hajanioa!" Akaanza kulia, kilio ambacho sijakisikia tangu tumzike mama. "Sasa hata siku yake mwenyewe akae benchi?"

Kwenye mstari wa nyundo bado sijaandika kitu. Naandika haya simu ikiwa mezani, spika iko wazi. Hajakata. Anapenga kamasi, ananiuliza nimeandika nini.