Kitanda cha Mzee na Sakafu ya Gereji

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nzioki amekubali! Gereji inapakwa epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu.

Muda wote huu nimekuwa nikimwimbia wimbo mmoja — sakafu imepasuka, vumbi linaingia mpaka jikoni, gari linalala nje na sisi tuna gereji. Leo nikamwonyesha video ya fundi mmoja wa Kahawa Wendani, anaitwa Mwas. Sakafu ya kijivu, inang'aa, unajiona uso. Mume wangu na vitu vinavyong'aa ni chanda na pete. Akaitazama mara mbili, akasema sawa. Halafu akakumbuka. Na Baba je?

Ndiyo, na Baba. Mzee Kaleli, baba mkwe wangu, analala kwenye gereji. Kitanda cha chuma, pazia la maua, redio, mkebe wa ugoro. Alitoka Makongeni, Thika, akaja kwetu hapa Ruiru mama mkwe alipofariki. Tulimpa chumba cha ndani chenye dirisha. Akakataa. Mkamba wa enzi zake halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe, ni aibu. Gereji alijichagulia mwenyewe, lakini watu wa kanisani wanadhani ni mimi niliyemtupa humo.

Nikamwambia Nzioki harufu ya ile rangi itamuumiza mzee kifua. Aende wiki moja kwa Kanini, mtaa wa Landless, Thika. Kanini ni dada yake Nzioki, na yeye pia ana zamu. Wiki moja, nimesema. Ya mwaka gani, sijasema.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeimba kanisani na sauti imetoka vizuri.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mzee si mtu mbaya. Angekuwa mlevi au mtukanaji ningeshamfukuza na dunia ingenisifu. Lakini ana adabu! Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, ili kama sijavaa vizuri nijifunike. Kwa hiyo suruali sivai. Nikitoka kuanua nguo najifunga leso, kwangu mwenyewe, katika nyumba niliyoijenga na mume wangu. Chakula naweka kwenye stuli, narudi nyuma, ndipo anasogea. Hajawahi kunigusa mkono wala kunitaja jina. Mama Mutheu, kwa jina la mtoto wangu, basi. Hata kicheko changu nakipima.

Halafu chama chetu cha akiba. Mwezi uliopita wanawake walipita kwenye pazia lake, na Mama Boaz, jirani wa geti la pili, akaniuliza mbele ya wote kama huyo ni mlinzi wetu. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nataka gereji yangu. Nataka chama kikae humo kwenye viti vyeupe. Sitaki arudi.

Jumanne, 5 Agosti

Mwas amekuja na grinda, mashine ya kusaga sakafu. Kijana mnene, maneno mengi, simu mbili. Aliiangalia sakafu kama daktari anayeangalia mgonjwa mwenye bima.

"Madam, hii simiti imekunywa oil miaka mingi. Tuta-grind mpaka ifunguke vitundu, ndio epoksi ishike. Usijali, itakaa fiti."

Alisaga kutwa. Vumbi kila mahali, hata kwenye sukari. Sakafu imebaki nyeupe, kavu, imekwaruzwa. Kabla ya kuondoka akanionya: mpaka arudi, isimwagiwe kitu. Si maji, si sabuni, si mafuta. "Hasa mafuta, madam. Hata yale ya taa. Ukipitisha hapo, rangi itabanduka yote, na usije ukanilaumu."

Mzee alikuwa nje na koti lake, baridi hii ya Agosti, akingoja arudishiwe kitanda. Hakusikia. Mashine za kiwanda zilimla masikio zamani.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Dirisha linatazama gereji, na mlango wake ulikuwa wazi. Mzee yuko chini kwa magoti. Ndoo, kitambaa, na chupa yake ya mafuta ya taa. Anapangusa sakafu.

Huko Makongeni ndivyo walivyoitunza simiti maisha yote: maji, mafuta ya taa kidogo, sakafu inakuwa nyeusi na safi na viroboto hawasogei. Mama mkwe alikuwa hodari wa hilo. Sasa mzee ameamka, ameona weupe na mikwaruzo, akadhani fundi ameacha uchafu. Na hakutaka kuondoka nyumba ya watu ikiwa chafu. Alianzia ukutani akirudi nyuma, pole pole, na magoti yake yale.

Neno lilikuwa moja tu. Baba, acha. Ningelisema kutoka palepale dirishani.

Nilikuwa nimelishika mdomoni kabisa. Halafu nikawaza — ikibanduka, itarudiwa. Ikirudiwa, wiki moja inakuwa mwezi. Baada ya mwezi mtu huzoea alipo. Maziwa yakamwagika kwenye jiko na mimi bado nimesimama.

Alipomaliza aliniona. Akainamisha macho, akaongea akikitazama kitambaa. "Nimemsaidia fundi kidogo, Mama Mutheu. Alikuwa ameacha vumbi."

Nikasema, asante, Baba.

Nzioki akampakia kwenye gari na begi dogo. Kitanda tukakisukuma nyuma ya stoo. Walipotoka nikafungua mlango wa gereji wote, nikaweka feni, nikaunguza mahindi kwenye kikaango karibu na mlango. Jioni harufu ya mafuta ilikuwa imeisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Kazi imekwisha. Jana Mwas alipaka rangi ya kwanza, leo ya juu. Anachanganya mkebe mkubwa na mkebe mdogo wa dawa ya kugandisha anayoiita hadena, kisha anakimbizana na roli ya kupakia kabla haijaganda kwenye ndoo. Amevaa viatu vya misumari ili asiache nyayo. Ni mchezo wa kuigiza kamili.

Nzuri jamani. Hata mimi ninayejua, nimeipenda.

Nzioki alipiga picha akamtumia Kanini amwonyeshe Baba. Kanini akajibu kwamba mzee amefurahi sana, na anauliza kama kule kupangusa kwake kulisaidia. Nzioki hakuelewa. Akasema wazee bwana, akaweka simu chini akala.

Jumatatu, 11 Agosti

Imeanza. Vishimo vidogo kila mahali, kama uso wenye ndui. Karibu na mlango imejikunja.

Mwas akaja, akaingiza kisu, akavuta. Kipande kikatoka kikubwa kama chapati. Akakigeuza, akanusa, akatutazama.

"Nani alipitisha mafuta hapa?"

Nilijibu kwa sauti ya upole, sauti yangu ya kanisani. Nikasema Baba alipangusa asubuhi ile kabla ya kuondoka, nami sikujua alitumia nini.

Nzioki akatoka uani kumpigia. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sijawahi kumsikia akimpandishia baba yake sauti. "Baba, umeharibu kazi ya watu! Ulitumwa na nani?" Mzee hasikii vizuri, kwa hiyo hupaza sauti, na nilisikia jibu kutoka kwenye simu. Alisema, nisamehe, mwanangu. Nilidhani nasafisha.

Nilifurahi. Kisha nikajisikia vibaya, vibaya kweli, nikaenda kukaa bafuni nikafungua maji. Baba kumwomba mwanawe msamaha kwa kosa nililoliangalia likitendeka! Nilipotoka Nzioki alikuwa anavuta sigara, kitu alichokiacha zamani. Ningeweza kumwambia palepale. Nikamuuliza kama atakula wali au ugali.

Mwas lazima aibandue yote na kusaga upya. Ana kazi nyingine Juja, atarudi mwisho wa mwezi. Hilo ndilo nililolitaka, na limekuja lenyewe mlangoni.

Jumapili, 17 Agosti

Kanini amepiga. Hakusalimia.

"Wifi, mzee ngazi zimemshinda. Tuko floor ya nne. Tangu aje hajakanyaga chini."

Chumba ni kimoja. Yeye, watoto, na mzee kwenye kochi. Kulala chumba kimoja na binti yake mtu mzima, mzee anaona aibu ya kufa, kwa hiyo anageukia ukuta na nguo zake zote, hata viatu. Chakula anakula nusu. Kila siku anauliza kama bado tumemkasirikia.

Nikamwambia sakafu bado.

"Sakafu, sakafu. Hiyo sakafu mnataka kumzikia nani hapo?"

Akakata simu. Huyo ndiye aliyelelewa na mzee mwenye adabu. Nimemwambia Nzioki kwamba Kanini anasalimia, na Baba yuko salama.

Jumamosi, 30 Agosti

Mwas amemaliza tena. Safari hii alisaga mara mbili, akaosha kwa dawa, akakausha, akanusa kona zote kama mbwa wa polisi. Imeshika. Nimejaribu kwa kucha, nimejaribu kwa kisu cha mboga, haitoki.

Nzioki anataka kurudisha kitanda. Nikamwambia fundi amesema wiki nzima kitu kizito kisiwekwe. Hilo ni kweli, alisema. Akasema basi wikendi ijayo anamleta Baba.

Kwa hiyo nina wiki. Kitanda cha chuma, miguu yake ina kutu, itakwaruza. Makau wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni saa nne, nikamwita. Akauliza kama kweli, mbona bado kizima. Nikamwambia abebe. Pazia nimelikata vitambaa vya jikoni. Redio imo kabatini, sikuwa na moyo wa kuitoa, sijui kwa nini.

Nzioki nitamwambia kilivunjika wakati wa kukihamisha.

Jumatano, 3 Septemba

Chama leo. Viti vyeupe, keki, chai ya tangawizi. Warigia, mwenzetu wa chama, alipiga picha sakafu kabla hajapiga watu. Mama Boaz akavua viatu mlangoni bila kuambiwa!

Halafu, akiwa na kikombe mkononi, akauliza yule mzee yuko wapi siku hizi. Hakusema mlinzi. Alisema yule mzee, baba yake Nzioki. Kumbe alijua siku zote.

Nikasema yuko kwa binti yake, anapumzika. Akanitazama kidogo, akasema chai ni tamu.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa saba mchana. Naandika jikoni, nimesimama.

Nzioki aliitwa kazini Thika asubuhi. Akasema akitoka jioni anapitia Landless kumchukua Baba. Jana ndipo nilipomwambia habari ya kitanda. Akasema atanunua kingine. Nikasema kitakwaruza. Akasema, Kamene, kikwaruze.

Kanini hakungoja jioni. Amemteremsha mzee ngazi zote nne, amempakia kwenye matatu, kondakta akamshusha barabarani, akatembea mwenyewe mpaka hapa. Nilisikia hodi. Nikachungulia. Ni yeye, koti, begi, na gunia la muhogo. Ametuletea muhogo.

Geti dogo halijafungwa. Ni kusukuma tu kwa kidole. Lakini gari la Nzioki halipo, na anajua niko peke yangu, na mtu kama yeye haingii kwa mke wa mwanawe mpaka asikie sauti yake. Nikisema karibu, anaingia. Nisiposema, hataingia. Sikusema. Alipiga hodi tena, akangoja. Kisha akaketi juu ya gunia. Amekonda.

Mama Boaz alikuwa anatoka dukani. Nimesikia kila neno, maana mzee huongea kwa sauti kubwa akidhani na wengine hawasikii.

"Baba, mbona umeketi nje?"

"Nangoja. Sakafu haijakauka. Mama Mutheu ameihangaikia sana, sitaki niiharibu tena."

Mama Boaz alikaa kwenye hiyo sakafu Jumatano bila viatu.

Amegeuka akatazama dirisha. Nikajificha kando ya friji, mtu mzima na nyumba yake, nimebana pumzi.

Simu. Nzioki. Kanini amemwambia Baba alitoka mapema. Anauliza, amefika?

Nimemwandikia, bado.

Amejibu anatoka kazini sasa hivi kwenda kumtafuta kituo kwa kituo. Anaogopa mzee amepotea au amegongwa. Ameniomba niombe.

Bado kuna wakati. Niseme karibu, nimpe uji, Nzioki akifika amkute ndani na mimi niseme ujumbe wangu ulipishana na kufika kwake. Nimeenda mpaka mlango wa jikoni. Nimefungua mdomo mara mbili na haikutoka sauti.

Nimechungulia tena. Mama Boaz ameleta kiti na chai kwa mzee. Ameleta na kiti chake pia. Wameketi wote wawili kivulini, wametazama geti langu, na sasa Warigia naye anakuja upande huu.