Bastola ya Kwapani

Sundbyberg, Stockholm
Februari, 1972

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kabla ya yote nataka kujua ni nani anayeisoma barua hii. Kama ni Tabitha mdogo wangu, vizuri, aendelee. Kama ni Mjomba Yeremia, shikamoo mjomba, ahsante kwa miwani yako, na nakuomba uishie hapa hapa, uikunje, umngoje Tabitha atoke shule. Barua iliyopita ilisomwa na mjomba, na haukupita muda nikaandikiwa na shangazi akiniuliza mambo niliyomwambia Mama peke yake. Simtaji mtu. Nasema tu.

Basi Tabitha, funga mlango, keti karibu na sikio la Mama, usipaze sauti. Na Baba asiwe karibu, maana huko mbele nimemtaja.

Mama, miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mwalimu wa misheni akuletee ilifika? Na ilifika imejaa? Mimi niliijaza mpaka shingoni, nauliza tu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Neema ametimiza miaka sita. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu ni Kiswidi kitupu, na baba yake anamfuata kwa Kiswidi hicho hicho, wanacheka, mimi nimesimama hapo na mwiko. Kazi yangu ni ile ile ya kufua nguo za hospitali, mashuka na makoti ya madaktari. Nimshukuru Mungu kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho.

Nilikuandikia kabla ya Krismasi kwamba Baba Neema ameteleza kwenye barafu akaumia uso. Ndivyo alivyoniambia, ndivyo nilivyoandika. Sasa nakwambia kwamba hata siku ile kalamu ikiwa mkononi sikuamini. Mtu akiteleza kwenye barafu huanguka kwa makalio, au hujishika kwa mkono akaumia kiwiko. Mimi mwenyewe nimeanguka mara nne, najua. Yeye makalio mazima, viwiko vizima, lakini mdomo umepasuka na sikio limevimba. Barafu gani inampiga mtu sikioni?

Nikalitafuta shati la siku ile. Nililikuta nyuma ya mlango wa bafu, limefuliwa na kuanikwa. Mama, mwanamume huyu tangu tufunge ndoa hajafua hata leso. Na alikuwa amelifua kwa maji ya moto. Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiitia ya moto inaivia ndani ya uzi, haitoki tena mpaka nguo itupwe. Kwenye ukosi palibaki doa la kahawia la upana wa kiganja. Nikasema moyoni, huyu amepigana, na mtu mzima aliyepigana halafu akaficha, hapo katikati pana mwanamke.

Kuanzia siku hiyo nikawa nanusa mashati yake yote kabla ya kuyaloweka. Sikupata marashi, nilipata jasho na petroli. Lakini hilo halikunituliza, kwa sababu yeye naye alikuwa amebadilika. Alianza kuondoka mapema kuliko zamani na kurudi kwa njia nyingine, ndefu. Mezani alihamisha kiti chake akawa anatazama mlango. Akiingia ndani huenda kwanza dirishani, anasogeza pazia kidogo, anaangalia chini. Jumapili tukikutana na Watanzania na Wakenya wenzetu kwa ibada, yeye aliyekuwa akiimba sauti ya nne mpaka madirisha yanatetemeka, sasa anakaa nyuma karibu na mlango na koti lake amelivaa.

Halafu ikaja bahasha ya polisi. Ilikuwa na jina lake. Niliifungua, msiniulize. Nilikaa nayo na kamusi mpaka nikaelewa kwamba ombi lake la kibali cha kubeba bastola, kuivaa chini ya nguo isionekane, limepokelewa, na afisa atakuja nyumbani kuona mahali itakapotunzwa.

Mama, niliogopa bastola hiyo. Bunduki si kitu kigeni kwangu, nimezaliwa nyumba yenye bunduki. Lakini Baba akienda shambani bunduki ilikuwa begani. Nyani waliiona, watoto waliiona, mchungaji akipita aliiona na kumsalimu Baba hivyo hivyo. Hii ya kwapani haonyeshwi mtu. Silaha isiyoonyeshwa haimfukuzi mwizi, inamngoja mtu. Nikajiuliza anamngoja nani. Nikajiuliza kama ni mume wa huyo mwanamke wangu wa kubuni. Nitakwambia na hili, kwa kuwa wewe ni mama yangu: siku mbili nilijiuliza kama ni mimi.

Niliigandisha bahasha kwa uji wa ngano, nikaiweka pale pale. Jioni akaifungua, akasoma, akaitia mfukoni.

"Barua ya nani hiyo, Baba Neema?"

"Ya kazini."

"Kazini wanasemaje?"

"Wanasema kazi."

Nikamkata jicho, naye akageukia mlango wake.

Kazi yake, nikukumbushe, ni kukusanya mifuko ya mauzo kwenye maduka ya Skärholmen, upande wa pili wa mji, na kuipeleka benki kwa gari. Pale yuko mwenzake mmoja, Salum, mtu wa Tanga, ametutangulia huku miaka mingi na ndiye aliyemwombea nafasi. Siku yangu ya mapumziko nikapika chapati, nikazifunga kwa kitambaa, nikamfuata wakati wa chakula cha mchana ambapo najua Baba Neema yuko njiani na gari.

"Shemeji, chapati zote hizi?" akasema Salum. "Mtu haji na chapati kumi kwa salamu tu. Haya, sema."

"Nani hapa kazini kwenu anavaa bastola?"

Akaacha kutafuna. "Bastola? Hapana hata mmoja. Bosi mwenyewe hana. Sisi tumepewa filimbi."

"Na mwenzako?"

"Mwenzangu kaomba mwenyewe. Kamganda bosi mpaka bosi kachoka, kamwandikia barua."

"Kwa nini?"

"Hayo, shemeji yangu, kamwulize mwenye nyumba."

"Angekuwa ananijibu ningekuja na chapati?"

Salum akatazama huku na huku, halafu akanieleza, kwa sharti kwamba sikuambiwa naye. Sasa Tabitha, soma polepole.

Ilikuwa mchana, kwenye kituo cha treni, Baba Neema ametoka kazini. Hakuwa na mfuko wa pesa za mtu. Alikuwa na boksi la viatu vya baridi alivyomnunulia Neema. Wakaja vijana watatu, wakamvua kofia, ile ya sufu niliyomfumia mimi, wakawa wanarushiana. Alipoinyooshea mkono wakampiga. Kisha wakamwambia akiitaka kofia aiombe, na aiombe kwa magoti. Watu wazima walikuwa wamejaa pale wanangoja treni, na wote wakasoma magazeti yao. Mmoja wao, Baba Neema alimtambua, ni jirani yetu wa ghorofa ya pili.

Nikamwuliza Salum, "Alipiga magoti?"

Salum akaangalia chapati yake. "Shemeji, alikuwa na viatu vya mtoto mkononi. Walisema watavitupa."

"Na kofia wakampa?"

"Waliitupa relini."

Mama, nililia pale pale mbele ya shemeji yangu. Unajua kwa nini? Kwa sababu siku ile alipofika nyumbani na mdomo umepasuka, jambo la kwanza nililomwambia ni kumgombeza kwa kupoteza kofia. Nilisema nimefuma wiki nzima, na yeye hajali. Akaniambia samahani. Akaniomba samahani, mimi! Halafu nikatumia miezi miwili kunusa mashati yake. Nimejionea aibu, na aibu yenyewe haijaniisha.

Lakini kumhurumia mtu si kumwamini na bastola. Nilirudi na treni nikiwaza, vijana wale bado wapo, kituo bado kipo, na yeye hupita hapo hapo kila asubuhi. Amejiombea kibali cha nini basi? Na yule jirani wa ghorofa ya pili anatusalimu kila asubuhi kwenye ngazi, kwa heshima kabisa. Siku hizi akisema habari za asubuhi namtazama mikono ile iliyoshika gazeti.

Afisa akaja Jumanne. Nilitegemea mtu wa ukali, akaja mzee mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Mtu aliyeingia kwako na soksi unasahau kumwogopa, na mimi nadhani wanafundishwa hivyo makusudi. Nikampa kahawa, nikakaa naye uso kwa uso. Akaangalia kabati la chuma ambalo Baba Neema amelifunga ukutani, akaligonga, akasema zuri. Akamwuliza kama amewahi kushika silaha. Baba Neema akasema Jeshi la Kujenga Taifa, kwao. Akamwuliza kama ana ugomvi na mtu. Akasema hana. Akamwuliza kama amewahi kushambuliwa.

"Hapana," akasema mume wangu, bila kupepesa.

Halafu mzee akageuka kwangu na kalamu yake. "Na mama, ana lolote la kusema?"

Hapo nikapima maneno. Nikisema yaliyotokea kituoni, wataandika kwamba ana kisasi, na karatasi za hawa watu hazichakai. Kesho akiomba kazi nyingine, watalifungua faili. Nikinyamaza, bastola inalala chumbani kwangu na inatoka asubuhi kwapani. Nikakukumbuka wewe.

Tabitha, hili wewe hukuliona, ulikuwa mgongoni. Nyumbani kwetu bunduki ilikuwa ya Baba lakini risasi alitunza Mama, ndani ya sanduku chini ya kanga zake, na ufunguo shingoni. Baba akitaka alikuja kuomba. Mama alimwuliza za nini, naye akasema nyani, na Mama akampa mbili, na maganda alidai arudishiwe. Basi siku moja mchana Baba alirudi kutoka baraza la mpaka wa shamba, baada ya jirani kumtukana mbele ya wazee. Akasema nipe mbili. Mama akauliza za nini. Akasema nyani. Mama akasema, "Nyani gani, na mahindi tulishavuna?" Kisha hakupiga kelele wala hakuita mtu. Alichukua ungo wa maharage, akakaa juu ya sanduku na wewe mgongoni, akaanza kuchambua. Baba alisimama mlangoni na bunduki tupu mpaka maharage yakaisha, Mama akayarudia upya. Mwisho Baba akaiegemeza ukutani, akasema ana njaa. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa chini ya kitanda, niliona yote. Kijiji kizima kiliijua habari hiyo, na Baba Neema ni kijana wa kijiji kile.

Kwa hiyo nikamwambia afisa, "Sina neno. Ila risasi nitatunza mimi."

Mzee akacheka, akaeleza kwa upole kwamba sheria haikubali, mwenye kibali ndiye anayetunza vyote na ufunguo wake hapewi mtu, hata mke. Mimi nilikuwa simwangalii yeye. Nilikuwa namwangalia Baba Neema, nikaona rangi ya uso wake imegeuka. Alijua kwamba najua. Akainamia kikombe chake. Afisa akavaa viatu, akaacha mezani karatasi ya mwisho, mwombaji atie saini airudishe kwa posta kabla ya Jumamosi.

Jumatano asubuhi karatasi haikuwepo mezani. Iko ndani ya sanduku la bati nililotoka nalo nyumbani, chini ya kanga ulizonifungia wewe, na kufuli imefungwa. Leo ni Ijumaa. Hajaiulizia. Simwamini mtu asiyeulizia kitu chake. Neema yuko kwa rafiki yake mlango wa pili, na barua hii naiandika nimekalia sanduku lenyewe, karatasi ya kuandikia nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande.

Nisalimie Baba, mwambie nimeandika habari za baridi. Mke wa mdogo wangu wa kiume nampa pole ya uzazi, na mtoto nimemfumia soksi. Shangazi mwambie sina jipya. Mjomba Yeremia nampa heshima zake zote. Na wewe Mama, kwa kila ulilonifundisha bila kujua natazama, Mungu akuweke.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mama Neema

Nimeifungua tena bahasha kuongeza haya. Amerudi. Alikwenda dirishani kama kawaida yake, kisha akaja akasimama mlangoni, koti hajavua.

"Mama Neema, ile karatasi iko wapi?"

"Ya nini?"

Akasema ya kazi. Nikamwambia, "Kazini mna filimbi." Mama, alisimama pale kwa muda mrefu sana. Sikuwa na maharage, nilikuwa na kalamu tu, nikaendelea kuandika anwani kwenye bahasha. Ndipo akavua koti, akaja, akasema, "Sogea." Nikasogea. Akakaa juu ya sanduku pembeni yangu, bati likalia, akaanza kunieleza habari za kofia toka mwanzo, kana kwamba sijui. Alipofika kwenye magoti akaishia hapo. Nikamwambia kesho naanza kufuma nyingine.

Sasa amelala hapo hapo na kichwa begani kwangu. Ufunguo uko shingoni, na sijamwonyesha.