Injini ya Chombo cha Baba

Slough, Jumapili

Mdogo wangu Clive,

Sisi wazima, ila mvua imeyaozesha mawaridi yote.

Nilikwambia hakiuzwi, ukamtuma mtu wa mnada. Amekuja kukikagua kile chombo kidogo cha anga, cha mfano, alichokiunda Baba kwa ajili ya filamu, studio wakakitupa jalalani, Baba akakiokota.

"Mama, hiki ndicho chenyewe," akasema, "lakini injini ya nyuma imeng'oka. Bila hiyo, mteja wangu hakitaki."

Nikampa pole, nikamkamulia limau kwenye chai.

Clive, injini ndiyo hicho kikamulio cha limau. Baba alikichukua jikoni bila kuomba, Mama akakidai mpaka anakufa. Nilikibandua jana, kabla mtu wako hajafika, nikakirudisha jikoni kwa Mama. Ukikitaka, panda ndege uje uninyang'anye.

Dada yako,
Winnie