Baba alisema nifungue pampu

Ijumaa. Mvua ya leo hainyeshi wala haikatiki, inaning'inia tu hewani na kulowesha miwani yangu. Likizo fupi ya shule ndiyo kwanza imeanza, na tayari nimechoka kuliko siku ya mtihani wa hesabu.

Mikono yangu inanuka grisi. Nimeiosha kwa sabuni ya vyombo, nikaisugua kwa majani ya chai, bado inanuka. Kioo cha simu ninayoandikia kimejaa alama za vidole vyeusi.

Kwa anayesoma blogu hii kwa mara ya kwanza (sidhani kama mpo wengi): Baba ni dereva wa malori. Mama anahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Mimi ni binti yao wa pekee, na tunaishi kwenye fleti ya kupanga Kilburn. Kiswahili changu ni kizuri zaidi kwenye maandishi kuliko mdomoni. Baba akinisemesha, ninamjibu kwa Kiingereza hata kabla sijafikiri. Hapa angalau nina muda wa kutafuta maneno.

Na tuna karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari.

Si lile la kawaida la kufungwa nyuma ya gari dogo. Hili lina shingo ndefu inayopanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye sahani nene ya chuma, kama trela linavyokaa kwenye kichwa cha lori. Ndiyo maana Baba alilipenda. Alisema makaravani mengine huyumbisha mkia barabarani, lakini hili atalivuta hata akiwa amefumba macho. Mama akamjibu, "Basi siku hiyo mimi unishushe mapema."

Kitanda kiko juu, ndani ya hiyo shingo. Jiko, meza na viti vya sponji viko chini. Tumeliegesha Wembley, kwenye yadi ya matairi ya rafiki yake Baba, na wiki nzima nimekuwa nikitoka shule na kupanda treni kwenda kumshikia tochi.

Kesho asubuhi tunatakiwa kwenda Wales, ufukweni. Safari ni ya Mama.

Juzi nilimkuta amelala kwenye kiti cha jikoni, amevaa koti, mkoba begani. Sikujua kama alikuwa anatoka au anaingia. Nadhani hata yeye hakujua.

Halafu jana meneja wake akapiga simu. Wenzake wawili wanaumwa. Je, anaweza kuahirisha likizo? Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atajibu leo jioni. Kisha akatugeukia sisi.

"Nikitoka kazini nitakuja kuliona hilo karavani lenu. Nikikuta maji yanatoka na pa kulala pakavu, naenda. Nisipokuta, narudi kazini. Kule angalau chai ipo."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua. Mama anatafuta sababu ya kukubali kazi kama watu wengine wanavyotafuta sababu ya kukataa.

Kwa hiyo leo tulikuwa yadi tangu asubuhi. Taa ya kulia ya kuonyesha kona ilikuwa imekufa. Nikafungua plagi ya nyaya, nikakuta pini moja imeota kutu ya kijani, nikaisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Taa ikawaka! Nilijiona fundi kwa muda mfupi sana.

Friji, ambayo hutumia gesi, ikagoma. Tulihangaika nayo mpaka Baba alipoutikisa mtungi wa gesi na kugundua kwamba ni mtupu. Aliutikisa tena, kama vile gesi ingeona aibu na kurudi, kisha akaenda kununua mwingine.

Baadaye akarudisha pikapu kinyumenyume, shingo ya karavani ikaingia kwenye sahani, ikalia *kla*. Nikapiga makofi. Baba akaninyooshea tochi. "Mlio unadanganya. Nenda ukaone kwa macho kama taya za sahani zimeshika pini ya shingo." Nikapanda bodini, nikainama, nikaona. Zilikuwa zimeshika.

Ikabaki pampu ya maji tu. Ilikuwa inanguruma hata tukifunga mabomba yote. Baba akaizima, akalala chali kwenye sakafu, akaingiza kichwa chini ya sinki. Alisema valvu imekwisha, dawa ni kuweka pampu mpya. Akachomoa mpira unaotoa maji kwenye pampu, akanipa spana, akatoka kwenda kuchukua pampu mpya kwenye pikapu.

Alipofika nje akanisemesha kupitia dirisha. "Fungua pampu, binti, nakuja!"

Sasa, nyumbani kwetu tunafungua redio. Tunafungua televisheni. Tunafungua bomba. Kwa hiyo nikanyoosha mkono ukutani nikabonyeza swichi ya pampu.

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Sikujiuliza hata kidogo nimepewa ya nini.

Maji yalitoka kwenye ule mpira kama yaliyokuwa yakinisubiri mimi. Yalipiga kabati, yakapiga kifua changu, kisha yakalipata godoro. Asubuhi tulikuwa tumelishusha ili nifagie kule juu, tukaliegemeza kwenye friji. Lilikuwa linakunywa maji kimyakimya, na mimi nimesimama nalitazama.

"Zima! Zima!" Baba alikuwa ameshafika mlangoni.

"Umesema nifungue!"

"Nimesema ufungue, sijasema uwashe!"

"Nimefungua!"

"Umefungua nini? Boliti ziko wapi?"

Alizima mwenyewe. Tukabaki tunatazamana, maji yanatiririka kwenye kidevu chake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwetu kugombana kwa Kiswahili pande zote mbili, na nafikiri tuligundua kwa pamoja, maana hasira yake ilipungua ghafla.

Baba alikulia kwenye gereji ya babu, Morogoro. Akanieleza kwamba kwa mafundi kufungua ni kulegeza boliti na kukitoa kitu mahali pake. "Gereji wakikwambia fungua injini, utaiwasha?"

"Mimi sikukulia gereji," nikasema, safari hii kwa Kiingereza.

Alikaa kwenye ngazi ya karavani, akakamua kofia yake. Nilitamani anigombeze zaidi. Ingekuwa rahisi kuliko kuona mgongo wake umeinama vile.

Tukaifunga pampu mpya. Inafanya kazi vizuri, inanyamaza inapotakiwa kunyamaza. Lakini nusu ya godoro ilikuwa imelowa chapachapa.

Mama alifika jioni akiwa bado na sare ya kazi. Alilibonyeza godoro kwa kiganja, taratibu, kama anavyobonyeza mito ya wazee wake. Maji yakatoka katikati ya vidole.

Baba akakimbilia bomba, akalifungulia. "Maji yanatoka, mama."

"Naona," Mama alisema. "Yametoka hadi kitandani."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye viti vya sponji, akaiweka simu mezani, akasema atakunywa chai kwanza halafu awapigie. Maziwa hayakuwepo. Baba akatoka kwenda kununua, nadhani alifurahi kupata sababu ya kutoka. Mimi nikawasha jiko, nikabandika birika. Nilipogeuka, Mama alikuwa amelala, kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi kidogo.

Simu ikaanza kutetemeka mezani.

Mimi ni mtu wa kuiacha simu iite mpaka ife. Hata kwa daktari wa meno, Mama ndiye hupiga kwa niaba yangu. Lakini ile simu ilikuwa inatembea kuelekea kwenye kiwiko chake, kwa hiyo niliichukua ili asiamke, nikatoka nayo nje, na nikiwa nje kidole changu kikapokea.

Alikuwa meneja. Alikuwa mpole, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya Mama. Aliuliza kama Mama atakuja kesho.

Nikasema hapana.

Nikasema yuko safarini.

"Ameshaondoka?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akasema sawa, atatafuta mtu mwingine, nimwambie apumzike vizuri. Nikamshukuru mara mbili.

Nilipoingia, Mama alikuwa amefumbua macho. Shavu lake lilikuwa na alama ya fremu ya dirisha.

"Nani huyo?"

"Kazini."

"Umewaambia nini?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini. "Nimewaambia uko safarini."

Akageuka akatazama nje, ukuta wa yadi na matairi yaliyopangwa hadi juu. "Safarini wapi, mwanangu? Mbona naona matairi?"

Alinitazama, nikafikiri atanyoosha mkono adai simu yake. Alinyoosha mkono kweli, lakini chini, akalegeza kamba za viatu vya kazi. Akavivua. Akapandisha miguu kwenye sponji, akajifunika koti la Baba.

"Baba yako akirudi na maziwa," alisema, "mwambie asigonge mlango."

Sasa naandika nikiwa nimekaa mbele kwenye pikapu. Baba yuko kwenye kibanda cha yadi, analikausha godoro kwa hita aliyoiazima, anageuza upande mmoja baada ya mwingine kama chapati. Mama bado amelala. Nimejiuliza kama nilidanganya. Nadhani ndiyo. Nadhani nitamwambia meneja ukweli siku moja, nikiwa jasiri zaidi.

Asubuhi tutaondoka, godoro likauke lisikauke. Na simu ya Mama iko mfukoni mwangu. Ikiita tena, nitapokea mimi.