Busu la Fanny

Jumapili, 4 Juni

Nimepanda. Mimi niliyeziita meli hizi hoteli zilizokata kamba, leo nina chumba ndani ya mojawapo, na taulo iliyokunjwa umbo la bata kitandani. Zawadi ya binti yetu Clémence kwa miaka thelathini ya ndoa.

Mke wangu Odile anasema: nyamaza siku chache tu, Régis, hata kengele ya kanisa hupumzika.

Nitanyamaza. Nina sababu yangu. Jumanne tunatia nanga Serrenoire, nilikozaliwa, na Mama yuko Serrenoire.

Jumatatu, 5 Juni

Mto Rhône. Mizabibu. Ngome iliyobomoka. Chakula. Mizabibu tena, chakula tena. Mmarekani mmoja mezani kauliza kama wenyeji huishi kwenye vijiji hivi mwaka mzima au huletwa msimu wa wageni. Nikafungua mdomo — Odile akanikanyaga mguu.

Mdogo wangu Firmin hapokei simu. Ni tangu makala yangu gazetini: kwamba Serrenoire imejigeuza sarakasi, watu wazima wanabusu makalio ya ubao ili wageni wapige picha. Sifuti hata nukta ya makala ile. Lakini Mama anaishi kwake, na habari zake nazipata kwa majirani. Moyo umechoka. Hatafika mavuno ya zabibu.

Nataka kumwona. Basi.

Jumanne, 6 Juni

Asubuhi. Msichana mwongoza watalii, aliyeinua kibao cha namba, ametupandisha mtaa niliozaliwa, kundi zima na visikilizio masikioni. Akaninong'oneza kwamba kisima kile ni cha kale sana. Mimi najua: alikichimba mwokaji mikate wetu, nikiwa darasa la pili, na kikamvunja mgongo. Sikubisha. Odile akaniangalia kama mgonjwa.

Halafu uwanja wa tufe, chini ya miti iliyochunuka magome. Firmin, kofia ya majani kichwani, anawafundisha Wajerumani kurusha tufe za chuma zikalale karibu na kitufe, kijitufe cha mbao kinacholengwa. Ukutani nyuma yake pazia dogo jekundu, na nyuma ya pazia, Fanny — ubao uliochorwa mwanamke aliyeinua sketi, makalio nje. Anayefungwa bila kupata alama hata moja hupiga magoti akambusu. Babu alimbusu. Padri pia, wanasema.

Firmin aliniona. Hakusita hata kidogo.

"Mabibi na mabwana, leo tuna mheshimiwa kutoka Paris. Anaandika magazetini."

"Nataka kumwona Mama, Firmin."

"Nyumba ni ile ile, hujasahau njia? Ila kwanza tucheze." Akashusha sauti. "Ukinishinda, mlango wazi. Ukifungwa bila alama, ukambusu huyu bibi uliyemtukana, mlango wazi."

"Na nikifungwa nikiwa na alama?"

"Hapo umekuwa mshindani wa heshima, kaka. Unarudi zako melini kula."

Kumshinda siwezi. Hakuna anayemshinda uwanjani pale. Nilicheza kwa hasira, kila tufe ikakataa amri, na alama zake zikapanda mpaka kumi na mbili; ya kumi na tatu humaliza mchezo. Kisha, raundi ya mwisho, tufe yangu ikaviringika kivivu ikagusana na kitufe. Firmin akajaribu kuing'oa. Akakosa. Akakosa tena, mpaka akaishiwa.

Firmin hakosi.

Alama ilikuwa yangu. Na tufe moja bado mkononi. Wageni walipiga makofi. Firmin alikuwa anafuta kiganja chake kwa kitambaa, polepole, macho kwangu.

Mimi hubishana hata na mashine ya tiketi. Sijawahi kumwachia mtu hoja, hata yule aliye sahihi. Nikalenga tufe yangu mwenyewe. Nikaigonga, ikaruka mpaka ukutani, na tufe ya Firmin ndiyo ikabaki karibu na kitufe.

Wageni wakaguna. Yule Mmarekani akanipiga begani: "Pole, rafiki, ulikuwa karibu kabisa."

Kumi na tatu kwa bila. Pazia likavutwa, kengele ikagongwa. Nikapiga magoti kwenye changarawe. Wamempaka rangi juzijuzi, bado inanuka. Simu zote juu. Odile peke yake hakupiga picha.

Mchana. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wetu. Firmin ametangulia kuingia, kasema anamwandaa. Dirisha la jikoni wazi, harufu ya kitunguu saumu. Nasikia kila kitu.

"Nani huyo nje, Firmin?"

"Mtalii, mama."

"Mpe maji basi. Wananitia huruma hawa. Kutwa kuzunguka, kama watu wasio na kwao."

Sauti ile ile, ila pumzi inakatika katikati.

Firmin alitoka na glasi, akaiweka kando yangu, akarudi ndani. Alisema mlango utakuwa wazi. Uko wazi, upepo unaucheza. Hakusema ataniita nani.

King'ora cha meli, kule chini. Odile yuko pembeni ya mtaa, ananipungia. Anasema njoo — au anasema ingia. Kwa mbali ishara ya mkono ni ile ile.

Nimeyanywa maji. King'ora tena. Mama anauliza kama yule mtalii ameshakwenda —