Tanuri la Mzee Cheche

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Mama ambalo likipata baridi linagoma kabisa. Mikate inauzika, namshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na simu umekata. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho, na unisamehe nikikosa adabu, maana nina hasira, Kaka. Wiki hii nimekanda unga kwa hasira mpaka wateja wanasifu mikate, eti imeumuka vizuri.

Nianze na wakili wako. Jumanne alikuja nyumbani, hodi hakupiga, akamkuta Mama sebuleni anachagua mchele. Akaketi kwenye kiti cha Baba, akasema umemtuma wewe. Kisha akaanza kumuuliza Mama maswali kama mtoto wa chekechea: leo ni siku gani, mwezi gani, hapa ni nyumbani kwa nani. Yule jirani fundi cherehani alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua mikate yake, akasikia yote. Mama alijibu taratibu, mikono bado imo kwenye ungo. Akaulizwa ana watoto wangapi. Akasema, "Nilidhani wawili. Baada ya leo sina hakika."

Ndipo nilipoelewa mpango wenu. Mnataka kukata rufaa kwa madai kwamba Mama amepungukiwa na akili, na kwamba aliyoyasema mahakamani ni maneno ya mzee asiyejua asemalo. Mama yetu! Yeye ndiye anayekukumbusha wewe siku za kuzaliwa za wanao. Uko radhi kumvua mama yako akili hadharani, ili tu hukumu ibatilishwe?

Hukumu najua umeisoma, kwamba tumeshindwa. Lakini kesi hukuihudhuria hata siku moja, ingawa msimamizi wa mirathi ni wewe. Mimi ndiye niliyekalia yale mabenchi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga duka, nafika mahakamani, naambiwa hakimu amehamishwa, jalada halionekani, njoo mwezi ujao. Baba mwenyewe alikufa kesi ikiwa bado inaahirishwa, ikatuangukia sisi. Kwa hiyo acha nikusimulie mimi niliyekuwepo, si huyo unayemlipa akusimulie.

Tulikua tukiambiwa kwamba Mzee Cheche, mchomelea vyuma, alimuuzia Baba tanuri bovu. Kwamba linaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi, na ndiyo maana Baba alimlipa nusu, nusu nyingine akakataa, mpaka mzee akamshtaki. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwachekesha wateja, eti Cheche kamtengenezea kaburi la mikate. Nasi tulicheka. Tulikatazwa hata kumwamkia njiani, tukatii.

Na sikufichi, hata leo yule mzee simpendi. Ana mdomo mchafu. Kabla kesi haijasikilizwa nilimfuata karakana kwake, nikamwambia aone haya, amfuate Baba kaburini akamdai huko. Alivua miwani yake ya kuchomelea, akanijibu kwamba akishinda atakuja kuling'oa tanuri na mikate ikiwa ndani, na mimi nikizubaa nitatoka nayo. Kwa hiyo usije ukadhani kuna mtu alimwonea huruma. Huruma yenyewe hataki, na ukimpa atakurushia.

Sasa sikia. Siku ya ushahidi, karani aliita shahidi wa mdai, na aliyesimama akawa Mama. Wakili wako nusura adondoshe karatasi. Mama aliapa, akashika ukingo wa kizimba, akasema kwamba ni kweli tanuri lilipoletwa liliunguza upande. Baba alikuwa safarini. Mzee Cheche aliitwa, akaja siku hiyo hiyo, akabomoa matofali ya ndani, akayapanga upya kwa gharama yake, na Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpokeza tofali mojamoja. Baba aliporudi alioka, akala, akasifu. Kisha akamwonya Mama asilitaje jambo hilo kwa mtu yeyote, kwa sababu ile nusu alikwisha kuipangia matumizi.

Hakimu alimuuliza Mama kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Mama akasema, "Alipokuwa hai nilimsitiri, alikuwa mume wangu. Sasa yuko chini ya udongo na deni la watu. Kumsitiri kwa sasa ni kumlipia."

Zamu yetu ilipofika, wakili alinigeukia. Alikuwa amenifundisha niseme tanuri linaunguza mpaka leo, sasa akaninong'oneza niongeze kwamba Mama husahausahau. Najua amekuambia kwamba nilishikwa na kizunguzungu nikashindwa kupanda kizimbani. Mwongo. Nilikataa. Nilimwambia pale pale sipandi. Kaka, kila alfajiri mimi ndiye ninayesimama mbele ya tanuri hilo. Halijawahi kuniunguzia mkate hata mmoja ambao sikuuunguza mwenyewe kwa uzembe wangu. Limetulisha. Limekusomesha wewe mpaka ukaweza kumwajiri wakili wa kuja kulisingizia. Ningeapaje?

Hasira yangu si kwako peke yako. Nina hasira na Baba, na kumkasirikia maiti ni kazi ngumu, maana hana pa kukujibia. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini alitufanya tumcheke mtu aliyekuwa anatudai. Alimfunga Mama mdomo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na wewe sasa unataka kuufunga tena, kwa cheti cha daktari.

Basi jua nilichofanya. Wiki iliyopita nilikwenda mahakamani, nikakubaliana na mzee mbele ya karani kwamba tutalipa kila mwezi, kutoka kwenye mauzo ya mikate, mpaka ile nusu iishe pamoja na gharama za kesi. Dalali wa mahakama hatakuja kubeba kitu. Mama alisisitiza twende wote kupeleka malipo ya kwanza. Mzee Cheche alizihesabu noti, akazirudia kuzihesabu kana kwamba tumemletea za bandia. Asante hakutoa. Alimtazama Mama, akasema, "Umechelewa."

Mama akasema, "Najua."

Wakabaki wanatazamana, wazee wawili kwenye korido ya mahakama, watu wanapita. Kisha yule mzee akasogeza mkoba wake, akamwachia Mama nafasi kwenye benchi akae, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma. Ni hayo tu. Mimi ndiye niliyekwenda kulilia chooni.

Sasa nifikie swali lako. Kila ukipiga simu unauliza ni nani aliyemrubuni Mama. Umemshuku Mzee Cheche, ukamshuku dereva wa teksi, hata yule fundi cherehani wa watu ukamtishia kumshtaki. Umeapa ukimjua aliyemtoa Mama nyumbani na kumfikisha mahakamani, mtu huyo hatakanyaga tena kwenye ukoo huu.

Ni mimi.

Mama aliniambia yote siku chache kabla, na kwamba atamtolea Mzee Cheche ushahidi, tukiwa tunapaka siagi kwenye trei. Nilimfokea. Nilimwambia anataka kututoa tonge mdomoni. Aliendelea kupaka. Siku ile ya kesi nikamkuta amekwisha kuvaa, amekaa kitandani, viatu miguuni, hajui atafikaje. Hakuniomba. Angeweza kukaa pale mpaka jioni bila kuniomba. Nikamfunga kilemba vizuri, nikaita teksi, nikamshika mkono mpaka mlango wa mahakama. Ndani tukaachana, yeye akakaa upande wa mdai, mimi upande wenu. Hakuna aliyemrubuni. Kama kuna wa kumfuta kwenye ukoo, jina langu unalijua.

Na ukikata rufaa, nitakwenda naye tena. Mara hii tutakaa benchi moja.

Msalimie wifi sana, umwambie kitambaa alichoagiza nimekipata, nitakituma. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu. Nilimuuliza kama ana la kuongeza, akasema nikuandikie kwamba leo ni Ijumaa, hapa ni nyumbani kwake, na mlango hajaufunga.

Ni mimi mdogo wako mwenye hasira, na anayekupenda,

Kitinda