Vigoda Sita vya Ushetu

Jumatatu, 8 Julai 2024
Ushetu tena. Nimetoa viti sita vya plastiki, nimepata vigoda sita vya mti, vikuukuu, vyeusi kwa moshi na makalio ya mababu. Kina mama wamecheka mpaka machozi – mwanamke wa mjini kapigwa! Mimi nimechekea kwenye basi.

Jumatano, 10 Julai
Nimevikata miguu vyote, nimevibandika kimoja juu ya kingine. Mnara! Nimeuita "Ukoo". Mwenye hoteli mpya hapa Nyasubi kauzunguka mara tatu, anautaka mapokezi. Nimemhubiria mizizi na asili hadi mwenyewe nikaanza kuamini.

Ijumaa, 12 Julai
Alfajiri, hodi. Mama Masalu, mmoja wa wale kina mama wa vigoda, kaja na bodaboda kutoka Ushetu, kiti changu cha plastiki mgongoni. Hata salamu hakungoja, kanidaka: Mama Zuhura, nirudishie kigoda! Kumbe ni cha marehemu baba mkwe wake. Mumewe, Ngassa, karudi jana kutoka machimboni Geita. Jumapili ukoo unamkalisha Ngassa juu ya kigoda hicho awe mrithi. Kisipoonekana, Mama Masalu anarudishwa kwao, watoto wanne wanabaki.

Nikamwonyesha mnara. Kakaa sakafuni, kalia. Nimeona aibu kweli.

Nikamuuliza, kipi chako? Kaangalia weee. Miaka kumi na tisa anafagia kukizunguka tu, wanawake hawakikalii. Hakijui! Mimi ndiyo kabisa. Mwishowe kachagua cha juu, eti kina sura ya heshima. Nimekibandua, nimekirudishia miguu – ya nani, Mungu anajua. Gundi, misumari, masizi ya sufuria.

Mwenye hoteli kaona picha niliyomtumia, kapiga simu: mbona mnara umepungua? Nikamwambia asiyeonekana ndiye babu mwenyewe. Kaupenda zaidi.

Jumapili, 14 Julai
Nimealikwa! Mama Masalu kawaambia kigoda kililegea, akakileta kwangu kitengenezwe. Wabeja, wabeja – kila mtu ananishukuru, ananishika mkono. Ngassa kakaa. Mguu mmoja umelia, umeshika. Baba yake mdogo, mzee Mwigulu, kapapasa mbao, machozi yakamtoka: kovu hili marehemu kaka yangu alilitia kwa shoka, nikimwona kwa macho yangu! Vigelegele. Mama Masalu kanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Naandika nyuma ya ghala, nikichungulia. Kuondoka kabla ya kula ni matusi. Mama Kudra, jirani yao, naye alinipa kigoda Jumatatu ileile. Kaja na kiti chake cha plastiki lakini hakikalii. Amesimama mbele ya Ngassa, anakikodolea macho kigoda. Sasa anainama. Sasa anamwita mumewe.